Dawa ya Utu Uzima

Utu uzima ni dawa, ndivyo tulivyofunzwa. Bahiya, mjane wa Khalil, hakuitaka dawa hiyo. Aliutafutia utu uzima wake dawa nyingine, nayo ikamkata pumzi kitandani kwake, Kinondoni, alfajiri ya Alhamisi, akili yake ikiwa timamu mpaka mwisho.

Inspekta Munira alisimama upande wa miguuni. Maiti ilikuwa imefunikwa shuka jeupe hadi kidevuni. Shingo ilikuwa ya mwanamke aliyevuka hamsini. Mikono vilevile. Uso haukuwa na umri huo. Paji lilikuwa laini kama sahani ya udongo iliyopakwa rangi, halina mkunjo hata mmoja.

"Kama amelala tu," alisema Koplo Ansbert kutoka mlangoni. Alikuwa amevua viatu na hakujua aviweke wapi, akabaki navyo mkononi.

"Aliyelala hukunja uso, Ansbert. Huota."

Aliyewaita polisi hakuwa mtu wa nyumba ile. Alikuwa Dakta Talha, mwenye zahanati mtaa wa pili, aliyeletwa kuandika kwamba Bahiya amekufa, basi. Alikataa kuandika.

"Wameniambia amekufa kwa huzuni," alisema daktari. "Mumewe alifariki miezi minne iliyopita, kakaa eda, huzuni imemzidi. Lakini huzuni haiangushi kope moja ikasubiri kabla ya kuangusha ya pili."

"Eleza."

"Ilianza Jumanne. Kope zikashuka. Sauti ikakwama. Akinywa maji yanarudi puani. Jana hakuweza kumeza hata mate. Leo misuli ya kifua imegoma, basi. Na muda wote huo, afande, nyumba nzima inaona mjane mwenye macho mazito na sauti iliyokauka. Nani angeshtuka? Walimletea Kurani na juisi ya ukwaju."

Alimulika tochi katikati ya nyusi za maiti. Munira aliinama. Vitundu vya sindano, vimepangwa kwa nafasi sawa. Vingi vimekwishafutika, viwili vikiwa bado na wekundu wa mbali. Pembeni mwa macho, vingine.

"Sindano za kuondoa makunyanzi," alisema Talha. "Dawa ikiwa halali, ikapimwa kidogo, ikachomwa na mkono unaojua, hulegeza msuli mmoja na kuishia hapo. Mumeo hatagundua. Atakwambia tu leo umeamka vizuri. Ikiwa feki, hujui ndani mna nguvu kiasi gani. Hii ilitembea. Kope, koo, kifua."

"Una hakika?"

"Hakika ataitoa atakayempasua na maabara. Mimi nakwambia jambo jingine. Dawa feki haziingii mjini chupa moja. Hii ilikuwa na wenzake. Hivi tunavyoongea kuna mwanamke mahali fulani amekaa kwenye kiti, kafumba macho, anasubiri kuchomwa."

Majibu ya maabara yangechukua siku nyingi. Munira hakuwa na siku nyingi. Alizima tochi ya daktari kwa kidole chake mwenyewe, kama mtu anayefunga mlango, akatoka.

Sebuleni alikuwapo Jaffar, kaka wa marehemu Khalil, mfanyabiashara wa vitambaa. Alikaa katikati ya kochi, fimbo yake imelala mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, tunazika baada ya Adhuhuri. Maiti haicheleweshwi."

"Haicheleweshwi pasipo sababu, mzee wangu. Mtazika daktari akishamaliza uchunguzi."

"Mnataka kumpasua mjane aliye edani?"

"Eda yake imekatika, mzee. Amefariki."

Mzee alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Wewe ni Muislamu kweli?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mwanamume chumbani kwake. Nani alikuwa anaingia kwake wiki hii?"

"Wanawake. Wa kuhani. Mimi nitawajuaje? Wote wamevaa baibui."

Munira alilibeba hilo kichwani na kuelekea jikoni.

Manal, binti pekee wa Bahiya, alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alikuwa na miaka thelathini, na ndiye aliyemsimamia mama yake moja ya saluni zake mbili, ya Msasani, ile ya vioo na maua ya kigeni mlangoni. Saluni nyingine ilikuwa Mbagala, wilaya ya Temeke, chumba kimoja na pazia.

"Pole sana, mdogo wangu."

"Ahsante, dada."

"Nani alimchoma mama sindano?"

Kikombe kiligonga sinki. "Sindano gani? Mama alikuwa edani."

"Najua alikuwa edani."

"Eda, dada. Hata wanja hapaki. Hata manukato. Vitu vyake vyote vya kujipambia tulivifunga kwenye kanga siku baba anazikwa, tukaviweka juu ya kabati. Nenda kavitazame. Mie sijui habari za sindano."

"Nani aliingia chumbani kwake wiki iliyopita?"

"Ndugu."

"Majina."

"Ndugu tu, jamani. Wamama wa kuhani. Unataka niwaandikishe watu waliokuja kutupa pole?"

Ansbert, aliyeegemea friji, alijipenyeza. "Nyumba hii na saluni mbili sasa ni za nani?"

Manal aligeuka polepole. "Za kwangu, braza. Si ndio unachotaka kusikia? Mie nimemuua mama yangu nirithi mapazia."

"Toka nje, Ansbert," alisema Munira. "Ukavae viatu."

Kisha akarudi chumbani, akapanda kiti, akashusha lile bunda juu ya kabati.

Lilikuwa kanga ya zamani, rangi imepauka, imekaa miezi minne bila kuguswa. Vumbi lilikuwa limetanda juu yake kama unga. Ila kwenye fundo. Fundo lilikuwa safi, na mikunjo ya kitambaa kilichowahi kufungwa zamani ilionekana pembeni ya mikunjo mipya. Mtu alilifungua juzijuzi akafunga tena, na hakuwa na subira ya kulifunga kama lilivyokuwa.

Ndani: wanja, chetezo kidogo, chupa za mafuta mazuri, bangili. Na ndani ya kopo la udi lililokwisha, kichupa cha kioo cha ukubwa wa kidole gumba, kifuniko cha mpira kilichozungushiwa bati, lebo ya kigeni. Kimetumika nusu.

Talha aliitazama lebo kupitia mfuko wa ushahidi. "Lebo nzuri. Nzuri mno. Siwezi kuapa kwa macho kama ni ya kweli au ya kuchapishwa."

Munira hakuwa anaitazama lebo. Aligeuza kichupa dirishani. Chini ya ukingo wa bati la kifuniko, pale ambapo pamba haifiki, palikuwa na alama nyekundu nyembamba kuliko uzi. Aliitambua mara moja. Mwanamke yeyote aliyewahi kufuta rangi ya kucha anaijua: katikati inatoka, pembeni inabaki.

Bahiya hakuwa na rangi kwenye kucha. Hakuwa nayo tangu kifo cha mumewe.

Alimwita Manal, akamketisha kitandani kwa upande wa pili wa maiti, mama yake katikati. Haikuwa huruma, na alijua hivyo.

"Hii ilikuwa kwenye kopo la udi," alisema. "Mama yako alifungua fundo la eda kuificha. Sasa sikiliza. Daktari anasema kuna nyingine. Kuna mwanamke leo, labda saa hii, atachomwa kitu hikihiki, afe kama alivyokufa huyu, anakuona na hawezi kukuita. Unalinda nini?"

Manal alinyoosha pembe ya shuka. "Jina."

"Lake?"

"Lake, langu, la baba. Mkiandika kwamba mama alikuwa anajipamba edani, mie nitapita wapi? Nitahudhuria msiba gani wasininong'one? Watasema hakumlilia mumewe. Na alimlilia, dada. Alimlilia kweli. Ila zilibaki wiki mbili atoke, na siku ya kutoka eda watu wanakuja kumtazama. Hakutaka watazame mzee."

"Kwa hiyo akamwita nani?"

"Sista Jovina. Nesi wetu wa Mbagala. Alikuja Jumamosi mchana, kavaa baibui kama jirani. Yeye Mkristo, hata ushungi alikuwa hajui kuufunga, mie ndiye niliyemfunga pale mlangoni." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mama alikagua chupa kwanza. Akaigeuza, akaitazama kifuniko, akasema haya."

"Kwa nini kifuniko?"

Manal alifuta pua tena.

"Kwa nini kifuniko, Manal? Mtu hutazama lebo. Hutazama tarehe."

"Chupa zinafanana," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Lebo ni hizohizo. Zile za bei ya chini, mama alizitia nukta ya rangi ya kucha kwenye kifuniko. Nyekundu. Zisije zikachanganyika."

"Zisichanganyike na zipi?"

"Za Msasani."

"Na zenye nukta zinakwenda wapi?"

"Mbagala."

Nje wanawake walikuwa wanasoma Yasini.

"Wewe umewahi kuchomwa?"

"Ndiyo. Mara mbili."

"Yenye nukta?"

"Mama asingekubali."

"Na yeye mwenyewe?"

"Mama hakuwahi kuchomwa kwenye saluni zetu. Alikwenda kwa daktari bingwa, hospitali kubwa, na bado alimuuliza maswali mpaka daktari anachoka. Safari hii hakuweza kutoka. Angesema anakwenda wapi?"

Munira alimwonyesha wekundu ule chini ya ukingo. Manal aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso wa mama yake asubuhi ile. Kisha akajikunja pale kitandani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalia kwa sauti.

Gari lilishika njia ya Mbagala king'ora kikilia. Ansbert aliendesha, taya zimekaza.

"Nisamehe kwa lile la urithi, afande."

"Endesha."

"Kwetu mwanamke akifiwa hunyoa nywele. Kumbe nanyi mna ya kwenu."

"Ansbert. Endesha."

Saluni ya Mbagala ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Munira alipita kati ya wasusi waliobaki na vidole hewani, akafungua pazia.

Kwenye kiti alikuwapo mwanamke mnene, kafumba macho, kichwa nyuma. Juu yake nesi mrefu, aproni nyeupe, ncha ya sindano iko kwenye ngozi.

"Weka chini," alisema Munira.

Nesi hakushtuka. Aliinua sindano taratibu, akaifunika kizibo, akaiweka kwenye trei. "Ni maji, afande."

"Sogea."

"Ni maji ya chumvi. Chukueni mkapime."

Mteja alifumbua jicho moja. "Maji? Sista Jovina, mie Mama Hija unanichoma maji?" Alifumbua la pili. "Ndio maana. Mara ya tatu hii nakuja, paji langu lina mabonde vilevile kama barabara ya Kimbiji. Nikisema haishiki ananiambia subiri, ngozi yako ngumu. Wenzangu wote wanalalamika, tangu mwezi wa Ramadhani. Kumbe maji."

"Shukuru, mama," alisema Munira. "Inuka uende nyumbani."

"Na hela yangu je?"

Jovina alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja, na kumtazama Inspekta kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemtarajia mapema zaidi.

"Amekufa?" aliuliza.

"Alfajiri."

"Mmempasua?"

"Wanampasua sasa."

"Vizuri," alisema Jovina, na akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Jioni, chumba cha mahojiano. Meza, viti vitatu, feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Munira alimsomea haki zake, kwamba si lazima aseme, na atakachosema kitaandikwa. Jovina alisema anaelewa. Alisema tena anaomba Ansbert aandike kwa mwandiko unaosomeka.

"Nitasema mimi kwanza," alianza Munira. "Mtu anayewachoma wateja wake maji miezi yote hii anajua ile dawa inafanya nini. Ulijua ni sumu. Ukawaepusha wote. Kisha ukafuta nukta ya chupa moja, ukaipeleka Kinondoni. Wapi nimekosea?"

"Hujakosea."

"Nyingine ziko wapi?"

"Hazipo. Nilizichemsha kwenye sufuria mpaka zikawa hazifai hata kuua sisimizi, nikamwaga chooni. Vichupa nikavitia maji ya chumvi. Nilibakiza kimoja kama kilivyokuja. Hakuna mwanamke wa Mbagala atakayekufa tena."

"Tena?"

Jovina aliweka viganja vyote viwili mezani. Vilikuwa vikubwa, vimetulia.

"Nilikuwa na dada. Hope. Yeye ndiye aliyenitoa Muleba akanileta mjini. Alikaanga samaki Mbagala miaka yote niliyosoma uuguzi. Moshi ule, afande, unakunja uso, na ukishaukunja haukunjuki. Mwaka jana akawa anamwoza binti yake. Akaniambia, mdogo wangu, send-off ina picha, wakwe wanakuja na kamera, nitolee huu moshi usoni. Kitu kidogo tu, watu wasijue, wadhani nimelala vizuri."

"Ukamchoma."

"Nikamchoma. Kwa mkono huu. Nikamuuliza Bahiya kwanza, mzigo huu mpya uko salama? Akasema salama kabisa, Sista, hata mwanangu ningemchoma. Nikampima dada yangu kiasi kidogo kabisa, kidogo kuliko kinachotakiwa, maana yeye ni wangu." Feni ilizunguka. "Siku ya nne akawa hawezi kumeza. Siku ya send-off tulikuwa mochwari."

Ansbert aliacha kuandika. Munira alimtazama, akaendelea.

"Hospitali waliandika nini?"

"Kiharusi. Nikaenda kituo cha polisi. Si hiki. Nikaeleza. Askari akaniuliza dada yako alikuwa na presha? Nikarudi. Akaniuliza una ushahidi gani, nenda kalete. Nikarudi tena, wakacheka kwamba mama muuza samaki naye alikuwa anachoma sindano za warembo. Nikamfuata Bahiya. Akanipa ubani, akanishika bega, akasema dawa ni salama, Sista, dada yako alikuwa na maradhi yake."

"Hukujua habari za nukta?"

"Nilijua ni za bei ya chini. Sikujua kwamba yeye anajua. Siku moja nilitumwa Msasani kuchukua pamba. Nikafungua friji, naona chupa zilezile, hazina nukta hata moja. Nikamuuliza Manal, akasema hizi za wateja wa huku. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa na alama ya kumtambua wa kufa."

"Ungeacha kazi."

"Angeajiri mwingine, na mwingine asingewachoma maji. Nikabaki. Yeye mwenyewe simpati; uso wake ulikuwa wa madaktari bingwa, saluni zake hazikuwahi kuugusa. Kisha Mungu akamchukua mumewe, eda ikamfungia ndani, akanipigia simu. Njoo Jumamosi, Sista, vaa baibui, lete ile nzuri. Nikamletea."

"Alipokagua kifuniko?"

"Hakuona kitu. Akasema, nifanye kidogo, watu wasijue. Maneno ya Hope hasa. Nikamwambia usijali, mama. Nikamchoma vizuri. Daktari wenu atakwambia, hakuna aliyemchoma vizuri kuliko mimi."

"Na ukasahau chupa. Na wekundu."

Kwa mara ya kwanza Jovina alicheka, pumzi fupi ya puani. "Chupa alitaka ibaki kwake, haachi kitu chake kwa mtu. Nikamwachia kwa mikono miwili. Ule wekundu niliufuta upande ambao Bahiya angeuona. Upande ambao mngeuona ninyi, nikauacha. Kwa Hope niliwajia mikono mitupu, mkaniambia nilete ushahidi. Nimeuleta. Hope alikufa, askari mmoja hakuinuka hata kwenye kiti. Bahiya amekufa, mmekuja na king'ora. Sasa mtaandika ile dawa ni nini. Na mkishaandika, mtalifukua na faili la dada yangu, mtafuta pale paliposema kiharusi."

Munira angefanya hivyo; usiku huohuo angetuma watu kulitafuta faili hilo. Hakumwambia. Haikuwa kazi yake kumlipa.

"Ulijua atakufa anavyokufa," alisema. "Ukiwa nesi, ulijua. Siku mbili hawezi kumeza, anasikia kila kitu."

"Nilijua. Nilishaona."

"Ungeweza kusema Jumanne. Kope zilipoanza kushuka, hospitali ingemwekea mashine ya kupumua. Angeishi."

"Angeishi," alikubali Jovina.

Ansbert alisukuma karatasi mezani. Jovina alizisoma zote bila haraka, akasahihisha jina la Hope mahali palipokosewa, akatia sahihi.

Munira alisimama. "Manal yuko nje. Ameketi hapo kwenye benchi tangu alasiri. Wanamzika mama yake kesho. Anataka kusikia neno moja kutoka kwako. Nimwambie nini?"

Jovina alifikiri. Alifikiri kweli, ilionekana usoni, katikati ya nyusi, mkunjo mmoja mrefu ambao hakuwahi kuugusa kwa sindano.

"Pole nampa. Kafiwa, kama mimi," alisema. "Radhi siombi."